Mjadala: Wenyeji wa Aktiki wapewe nguvu ya kuzuia utafiti?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi kila mradi wa utafiti kaskazini kwenye barafu unajiita "shirikishi". Mimi nasema mwenyeji asiyeweza kusema hapana ni mpagazi tu.

Chukueni nyangumi aina ya bowhead, wa bahari za barafu. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwakataza Wainupiat, wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, kuwawinda, kwa sababu wanasayansi walikadiria hawafiki 2,000. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kusimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu wanaopita. Wawindaji wakasema mnaona wachache: wengine hupita mbali baharini, wengine chini ya barafu, wakitaka pumzi wanaipasua kwa kichwa. Wakaunda tume yao mwaka huohuo na kudai hesabu irudiwe. Miaka ya 1980 maikrofoni zikatumbukizwa majini, na nyangumi wakasikika palepale wazee waliposema. Hesabu ya 2011 ilitoa karibu 17,000.

Mchangiaji wa 1: Hapo umetupiga chenga, mkuu. Toka 1977 hadi 2011 ni miaka 34, nyangumi nao walizaana! Halafu mbona dubu weupe wa barafuni umewaruka? Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, Kanada, hesabu iliyofanywa kutoka angani kwa ndege mwaka 2016 ilikadiria dubu 842, ya 2021 ikashuka hadi 618. Wainuit wengi, wenyeji wa huko, wanasema dubu wameongezeka. Mwindaji angekuwa na kura ya turufu, ripoti hiyo ungeiona wewe?

Mleta mada: Walizaana, sawa. Ila makadirio ya 1988 tayari yalikuwa yamevuka 7,000, na jike huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka mitatu au minne. Piga hesabu mwenyewe kama miaka 11 inatosha.

Kwenye dubu umenibana. Lakini barafu ikiwahi kuyeyuka, dubu hukosa pa kuwindia sili, anashinda nchi kavu na kufuata harufu ya jalala la kijiji. Mwanakijiji anakutana na wengi, rubani anahesabu wachache, na hakuna aliyedanganya. Wawindaji na watafiti wangekaa pamoja kabla ndege haijaruka, hilo lingejulikana mapema.

Mchangiaji wa 2: Mnabishana kura ya turufu wakati Wainuit wenyewe wameshaandika wanachotaka. Mwaka 2018 Inuit Tapiriit Kanatami, chombo chao cha kitaifa Kanada, kilitoa mkakati wa utafiti: wawe na sauti kwenye uongozi wa utafiti, maadili yazingatiwe, fedha zifuate vipaumbele vyao, data iwe chini yao, na wao wenyewe wajengewe uwezo wa kufanya utafiti. Na Nunavut, jimbo la Wainuit huko Kanada, tayari mtafiti hafanyi kazi bila leseni.

Kinachonisumbua mimi ni kazi ya kila siku. Kijiji kidogo, miradi kadhaa, kila mmoja unamtaka mzee yuleyule, tena msimu wa kuwinda. Mtafiti yuko kazini kwa mshahara. Mzee analipwa chai?

Mleta mada: Fedha na data nakubali, nilianza na jambo lisilo kubwa zaidi. Ila kwenye haki ya kukataa sing'oki. Asiyetaka mradi kijijini kwake aweze kuukataa kabla haujaanza.

Mchangiaji wa 1: Kabla haujaanza, sawa, hapo tuko pamoja. Matokeo yakishatoka, asiyazuie mtu, awe mwenyeji au mfadhili.