Re: Nimehamia Suwon. Nishangilie timu gani, na ligi yao inakwendaje?

Kutoka: Mwanafunzi mgeni, Suwon

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimeingia Suwon mwezi huu kwa masomo, na wikiendi bwenini ni upweke mtupu. Mpira nimeupenda tangu utotoni. Nasikia mjini hapa kuna timu mbili, ila mwenzangu Mkorea wa maabara anasema zote ziko daraja la pili. Ni kweli? Na tiketi mnanunuaje? Kuna programu ya simu inanikatalia kila nikijaribu kujisajili.

Kutoka: Kaka wa Anyang

Marahaba mdogo wangu, karibu Korea. Mwenzako hajakudanganya. Suwon Samsung Bluewings, mabingwa mara nne, walishuka 2023. Suwon FC nao wakafuata mwishoni mwa 2025, baada ya kufungwa na Bucheon kwenye mchujo.

Ligi kuu inaitwa K League 1, ina timu 12. Inaanza mwishoni mwa Februari baridi ikiwa bado inauma, na inakwisha kuelekea Desemba. Timu zinakutana mara tatu tatu, jumla mechi 33 kwa kila moja, kisha msimamo unakatwa katikati. Sita za juu zinachezana zenyewe mechi tano za mwisho kuwania ubingwa na nafasi za kucheza Asia. Sita za chini zinachezana zenyewe kujinusuru. Pointi za mwanzo wanaendelea nazo. Ndiyo maana ukiangalia msimamo wa mwisho unaweza kukuta timu ya saba ina pointi nyingi kuliko ya sita, usishangae. Msimu wa 2025 wa 12 alikuwa Daegu, akashuka moja kwa moja. Wa 11, Jeju, na wa 10, Suwon FC, wakaingia mchujo na timu za daraja la pili, Jeju akapona. Ubingwa ulikwenda kwa Jeonbuk, na huo ni wa kumi kwao, hakuna aliyewafikia.

Ila hayo ya pointi utayazoea wiki moja. Kinachokufaa zaidi kujua ni kwa nini watu hapa wana uchungu na timu zao. Ligi ilianza 1983, mwaka mmoja baada ya besiboli ya kulipwa, enzi za utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan. Timu zilikuwa tano tu: Hallelujah, ambayo ilikuwa timu ya Wakristo na ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza, Yukong, Daewoo, POSCO na Kookmin Bank. Hebu tazama majina hayo: mafuta, viwanda, chuma, benki. Mji haumo. Timu zilizunguka nchi nzima zikicheza mji huu na ule, na aliyezimiliki alikuwa kampuni. Kampuni ikitaka kuhama, inahama.

Hapa kwetu Anyang tuliyaona hayo. Miaka ya tisini ligi ilizitoa timu Seoul ili mpira usambae mikoani, LG wakaja Anyang 1996. Watu wakaipokea, wakaipenda, wakaujaza uwanja kwa nyimbo. Mwaka 2004 LG wakaibeba timu wakarudi nayo Seoul, nayo ndiyo FC Seoul ya leo. Jirani yangu mmoja, mzee wa duka la mboga, mpaka leo ukimtajia jezi nyekundu anabadilika sura. Mashabiki hawakukaa kimya. Walidai timu mpya miaka tisa, hadi 2013 mji ukaanzisha FC Anyang ya zambarau, rangi ya zabibu zilizoupa mji huu sifa zamani. Ikacheza daraja la pili msimu baada ya msimu, 2024 ikatwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda. Februari 2025 ikaenda uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul, watu zaidi ya 41,000, tukafungwa 2-1. Mwezi wa nane tukarudi palepale tukashinda sisi, 2-1. Nilikuwa jukwaa la wageni, na watu wazima wa miaka hamsini walikuwa wanalia hadharani, wamekumbatiana na wasiowajua.

Bucheon nao ni hivyohivyo. Kampuni ya SK iliihamishia timu yake kisiwani Jeju 2006, mashabiki wakaunda yao wenyewe, na sasa imepanda ligi kuu kwa mara ya kwanza. Msimu huu watakutana na Jeju. Kama una nafasi, hiyo mechi usiikose.

Kwa hiyo usichague timu kwa makombe. Shika ya pale unapolala. Nenda kwa Bluewings: pamoja na kushuka daraja, jukwaa lao la kaskazini bado ni miongoni mwa majukwaa yenye kelele kuliko yote nchini.

Kutoka: Dada wa Daegu

Naunga mkono, ingawa sisi ndio tulioshuka na moyo bado unaniuma.

Mdogo wangu, tiketi: hizo programu nyingi zinataka kuthibitisha kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, lililoandikwa sawasawa na kwenye kadi ya ukaazi. Subiri kadi itoke, fungua laini yako mwenyewe, halafu jaribu tena. Kwa sasa nenda dirishani siku ya mechi na pasipoti, daraja la pili ni nadra kukosa. Za nyuma ya goli ndizo rahisi, mara nyingi kati ya won 10,000 na 20,000.

Ukipata siku, panda treni uje Daegu. Baada ya Kombe la Dunia 2002 tulibaki na uwanja wa watu zaidi ya elfu sitini wenye njia ya riadha katikati yako na mpira. Ulikuwa unaona wachezaji kama sisimizi. Mwaka 2019 timu ikahamia uwanja mdogo wa watu kama elfu kumi na mbili. Sakafu ya majukwaa ni alumini. Watu wakipiga miguu kwa pamoja, dum dum, kisha “gol!”, unausikia mtikisiko kwenye magoti. Na ni timu ya wananchi, hisa waliuziwa wakazi wa mji.

Kutoka: Mwanafunzi mgeni, Suwon

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Kuna moja sijaelewa: Gimcheon Sangmu mbona wachezaji wake wanapiga saluti wakifunga?

Kutoka: Kaka wa Anyang

Ni wanajeshi kweli. Kwetu tunazijua JKT Tanzania na Ulinzi Stars, lakini hii ina tofauti kubwa: vijana wa Korea wanalazimika kwenda jeshini, na wachezaji wazuri wanaomba kutumikia miezi 18 wakiichezea Sangmu. Mkataba na klabu zao unawasubiri, wakimaliza wanarudi, hata katikati ya msimu. Timu inabomoka na kujengwa upya kila mara, lakini imemaliza ya tatu 2024 na 2025. Ningependa wapewe heshima zaidi kwa hilo.

Kutoka: Dada wa Daegu

Nyongeza mbili kabla hujaenda. Chakula unaruhusiwa kuingia nacho, kuku wa kukaanga na gimbap (wali uliozungushiwa mwani) ndio wengi hubeba. Makopo na chupa za kioo ziache nyumbani, zitazuiwa mlangoni. Na ukikaa jukwaa la kaskazini la Bluewings vaa buluu au rangi isiyo na maneno, nyekundu usithubutu, maana watani wao wakubwa ni FC Seoul. Utasimama dakika zote tisini huko. Ukitaka kukaa chini na kutazama mchezo kwa utulivu, kata tiketi ya upande wa E, yaani mashariki.