Kitabu cha kikundi: Reacher, Rambo au Kongowea? (Mashujaa wasio na makao)

MwanaMoro
Habari za jioni wanajamvi. Nina hela ya kununua vitabu vya kikundi cha kusoma, na Jumamosi inabidi niwe nimeshalipia. Tumekubaliana tusome habari za shujaa asiye na makao: mtu hana kwake, lakini hadithi nzima imesimama juu yake. Nimebaki na vitatu. Killing Floor cha Lee Child (1997), ambamo Jack Reacher anaanzia. First Blood cha David Morrell (1972), Rambo mwenyewe wa kitabuni. Na Siku Njema cha marehemu Ken Walibora (1996), ambamo shujaa ni Kongowea. Vyote nimevisoma na vyote navipenda, ndiyo maana nakwama. Nichukue kipi?

Kijiweni
Reacher, hakuna mjadala. Meja mzima wa polisi wa jeshi, ameacha kazi, anazunguka Marekani bila begi. Mfukoni ana mswaki wa kukunja. Nguo zikichafuka ananunua nyingine za bei rahisi na zile za mwanzo anaziacha hapo hapo. Anashuka Margrave, kimji cha Georgia, kwa sababu tu kaka yake alimwambia mpiga gitaa Blind Blake alifia huko. Kabla hajamaliza kula polisi wameshamwekea mtutu, anasingiziwa mauaji. Ukikianza usiku, alfajiri itakukuta hapo hapo.

Mama Vitabu
Kabla hatujamwaga majina. Mleta mada, kikundi cha nani? Watu wazima au wanafunzi? Kiingereza wanakisoma? Nakala ngapi, na hela yenyewe ni kiasi gani? Mtu haombi dawa bila kusema anaumwa nini.

Mtu wa Kitale
Siku Njema. Sisi tuliokisoma shuleni Kenya hatukisahau. Kongowea Mswahili, mama ameshafariki, anatoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba. Hakuna bunduki wala misuli mle, na bado huwezi kukiweka chini. Walibora aliondoka Aprili 2020 na bado hajapatikana wa kuandika sentensi kama zake. Mnunulieni huyu.

Kijiweni
Kongowea ana pa kwenda, anamfuata baba. Huyo ni msafiri, si mtu asiye na makao.

Mtu wa Kitale
Na Reacher wako je? Ana hela yake benki na analala moteli. Anayeamka na kuamua mwenyewe leo aelekee wapi hajakosa makao, ameyakataa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mleta mada angetuambia anatafuta lipi.

Binti Chumbageni
Hapo Mtu wa Kitale amesema kitu. Ndiyo maana mimi ningechukua Rambo. Wengi wanakumbuka mabomu tu ya zile filamu za baadaye. Rudini kwenye ile ya 1982. Mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam anatembea barabarani na mfuko wake, njaa inamuuma. Mkuu wa polisi wa mji, Teasle, anampakia kwenye gari, anamvusha daraja, anamwambia njia ile pale, endelea. Rambo anageuka na kurudi mjini. Kosa lake ni hilo tu. Damu yote inayofuata imetokana na mtu kukatazwa kupita mahali akiwa na nywele ndefu na nguo chafu. Na mwishoni analia, anasema vitani alikabidhiwa mitambo ya mamilioni, nyumbani hata kazi ya kuegesha magari hapati. Sijaona shujaa wa filamu za ngumi akisema neno zito kama hilo.

Kijiweni
Kwa hiyo kitabu kinaishaje? Maana filamu zilifika tano.

Binti Chumbageni
Kitabuni Rambo anakufa. Mji wenyewe uko Kentucky, si jimbo la Washington kama kwenye filamu, na watu wanauawa wengi mno. Kwenye filamu anayekufa mbele ya macho yetu ni askari mmoja, anaanguka kutoka kwenye helikopta. Hata filamu ilipigwa kwanza kwa mwisho wa kifo, wakabadilisha.

Kijiweni
Umeniharibia, nilikuwa nataka kukisoma.

MwanaMoro
Nawajibu mliouliza. Vijana wenyewe wana miaka 14 hadi 17, wako kwenye kituo kimoja hapa Morogoro. Wengi wao waliwahi kulala stendi au kwenye baraza za maduka. Kiswahili wanasoma vizuri, Kiingereza kwa kubahatisha. Nakala kumi na tano. Mada waliichagua wenyewe: walisema wamechoka na hadithi za wafalme.

Mama Vitabu
Sasa hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa! Uzi mzima tumejibu swali jingine. First Blood toa. Kijana aliyefukuzwa stendi kwa rungu usimpe kitabu ambacho aliyefukuzwa analipiza kwa kuua na mwisho anauawa. Siku Njema, na lugha yake inatosha.

Kijiweni
Nami nasema sasa ndiyo Reacher hasa. Nisikilizeni kabla hamjanirukia. Kila kitabu chenye mtoto wa mtaani kinamtaka msomaji amwonee huruma. Hao vijana huruma wameshaipata ya kutosha, kutoka kwa kila anayefika kituoni na kamera. Reacher haonewi huruma na yeyote. Hana nyumba na hakuna anayethubutu kumdharau. Waonje hiyo walau mara moja. Kiingereza si tatizo: mmoja anasoma, anawasimulia wenzake kwa Kiswahili, sura kwa sura.

Mwalimu Eastlands
Nilikuwa napita tu lakini hili linanigusa. Miaka kadhaa nyuma nilijitolea kwenye kituo kimoja Nairobi, jina nitaliacha. Wafadhili walichagua Kill Me Quick cha Meja Mwangi, cha 1973. Kwa asiyekijua: vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza sekondari, vyeti wanavyo, kazi hakuna. Wanaishi vichochoroni na kula kutoka mapipa ya taka. Ni kitabu kikubwa, kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, na sitasema neno baya juu yake.

Wiki za mwanzo vijana walifurahi kupita kiasi. Walikuwa wanamkosoa mwandishi: pipa la hoteli halifunguliwi saa hiyo, mlinzi lazima umpe kitu kwanza. Hata mvivu wa kusoma alikuwa anagombea zamu. Halafu hadithi inaanza kuteremka, wizi, jela, kutoka, jela tena, na chumba kikawa kimya. Kijana mmoja, aliyekuwa msomaji wetu bora, akaacha kuja. Nikamfuata bwenini. Hakuwa amekasirika. Aliniambia huo mwisho anaujua, kaka yake yuko Industrial Area rumande, na hakuja kituoni kujifunza kitu anachokijua. Nilipeleka maneno yake kwa wasimamizi, nikaambiwa ripoti ya wafadhili inataka kitabu kiishe. Tukakimaliza na vijana wachache, wakitazama dirishani. Yule msomaji wetu hakugusa kitabu tena muda wote niliokuwa pale.

Kwa hiyo mleta mada, usiangalie tu shujaa ni nani. Angalia kitabu kinamfikisha wapi.

Binti Chumbageni
Mwalimu, pole. Na pole kwa huyo kijana zaidi. Nafuta pendekezo langu la Rambo.

Msomi wa Zamani
Hakuna aliyemtaja Gavroche? Yumo kwenye Les Misérables ya Victor Hugo, 1862. Mtoto wa mitaani wa Paris, wazazi wapo lakini hawamtaki. Analala ndani ya tumbo la sanamu ya tembo pale Bastille, na hiyo sanamu ya plasta ilikuwepo kweli, ilibomolewa 1846. Anaokota watoto wawili waliopotea, bila kujua ni wadogo zake wa damu. Ana hela ndogo, ananunua mkate, anaukata vipande vitatu, na kile kidogo kuliko vyote anachukua yeye. Halafu anawapeleka kwa tembo wake kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Ukitaka shujaa asiyeombewa huruma, ni huyu, wala hana ngumi za Reacher.

Mama Vitabu
Naye anakufa kwenye kizuizi cha waasi akiokota risasi. Mwalimu ametoka kusema nini?

Msomi wa Zamani
Si lazima wasome hadi huko. Sura za tembo zinajitosheleza.

Mtu wa Kitale
Kuwakatia vijana wa miaka 17 kitabu kabla ya mwisho ni kuwafanya watoto. Wataujua tu.

Wakili wa Sakina
Niongeze moja. Binti Chumbageni ameeleza Rambo anavyofukuzwa mjini; akirudi anakamatwa kwa uzururaji. Mwaka huo huo kitabu kilipotoka, 1972, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya uzururaji ya mji wa Jacksonville, Florida, kwenye kesi ya Papachristou, kwa kuwa ilimpa polisi uwezo wa kumkamata karibu mtu yeyote. Sisi sheria zetu za aina hiyo tulirithi kwa mkoloni Mwingereza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Vijana wa mleta mada wamekamatwa kwa maneno hayo hayo, nina hakika. Kitabu chochote mtakachochagua, mtu awaambie na hilo.

MwanaMoro
Wakili, ungeweza kuja siku moja kuwaeleza? Nakutumia ujumbe pembeni. Kuhusu Gavroche, kuna Kiswahili chake chenye sura za tembo?

Kijiweni
Wakati mnatafuta, waonesheni tamthilia ya Reacher ya 2022, ya Alan Ritchson. Si ile filamu ya Tom Cruise ya 2012. Reacher wa kitabuni ana futi sita na inchi tano.

Binti Chumbageni
Cruise aliigiza vizuri, urefu si uigizaji.

Kijiweni
Hata Lee Child mwenyewe alikubali wasomaji walikuwa na haki kuhusu urefu.

Mtu wa Kitale
Mleta mada, kabla hujalipia Siku Njema fungua kila nakala. Zinazouzwa barabarani nyingi ni za kudurufu, kurasa zinarukwa.

MwanaMoro
Bado sijalipia. Kesho nakwenda nazo sura za kwanza za Siku Njema na Killing Floor, tusome zote mbili kwa sauti. Gavroche nitamsimulia mwenyewe.

Kijiweni
Na hiyo ya Ritchson msimu wa kwanza ndiyo hicho hicho Killing Floor. Usianze na wa pili.