Acheni kutulisha uongo kuhusu maneno ya Kiingereza! NEWS si "North, East, West, South"

Wakuu, leo mtanisamehe, nina hasira kwelikweli.

Mpwa wangu anasomea uandishi wa habari kwenye chuo kimoja hapa mjini. Ada tunachangishana ndugu. Juzi nimefungua daftari lake, ukurasa wa kwanza kabisa, nikakuta: "NEWS ni kifupi cha North, East, West, South, kwa sababu habari hutoka pande zote nne za dunia." Pembeni, tiki nyekundu ya mwalimu. Hawa ndio tunaowaandaa wakatuhakikie taarifa!

"News" ni "new" iliyowekwa kwenye wingi, yaani mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles". Zamani Waingereza waliandika "newes". Sasa hiyo "e" ya pili ni upande gani wa dunia?

Na siyo hilo tu. Jumamosi ukumbini MC anashika kipaza sauti: FAMILY maana yake "Father And Mother I Love You". Vigelegele. Jumapili mhubiri anairudia madhabahuni, watu wanaitikia amina. Neno lenyewe limetoka Kilatini, "familia", lilelile tunalotumia sisi, na linatokana na "famulus", mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Kwa Warumi familia ilikuwa wote walio chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, watumwa wakiwemo. Waitaliano wanasema "famiglia", Wajerumani "Familie". Nionyesheni hao baba na mama wa Kiingereza wamekaa wapi humo.

GOLF eti ni "Gentlemen Only, Ladies Forbidden", yaani wanaume tu, wanawake marufuku. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti, enzi za Mfalme James II, lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa sababu wanaume walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale. Wanawake hawakutajwa popote. Na kufikia 1867 wanawake wa St Andrews walikuwa na klabu yao ya gofu. SOS, ishara ya meli kuomba msaada, nayo hivyohivyo: ilichaguliwa kwa sababu kwa Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari ya simu za zamani, ni nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, rahisi kutuma na kusikika, na mataifa yakaipitisha Berlin mwaka 1906. "Save Our Souls" (okoeni roho zetu) watu waliipachika baadaye.

Lakini inayoniuma kuliko zote ni OK, maana hii kuna mtu aliitolea jasho. Kwenye magrupu ya WhatsApp wanasema ilianzia vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kikosi kikirudi bila kupoteza askari kinaandika "0 Killed". Vita hivyo vilianza 1861. OK ilishachapishwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839! Enzi hizo waandishi wa Boston walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno kwa kuyakosea tahajia makusudi, na OK ilikuwa "oll korrect", yaani yote sawa. Mwaka uliofuata wafuasi wa Martin Van Buren, Rais wa Marekani wakati huo, aliyeitwa Old Kinderhook (O.K.) kwa jina la mji aliozaliwa, wakaibeba kwenye kampeni za urais, ikaenea. Aliyeyaweka wazi haya ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Marekani, miaka ya 1960, baada ya kupekua magazeti ya zamani. Mtu amefanya kazi yote hiyo, halafu mwingine anabonyeza "forward" na ndiye anayeaminiwa.

Maneno yanayoundwa kwa herufi za mwanzo yapo, sikatai. Rada ni hivyo, leza ni hivyo. Sisi wenyewe tuna UKIMWI, na kila mtu anajua ni Upungufu wa Kinga Mwilini na ugonjwa wenyewe ulijulikana lini. Ila mtindo huo umeshamiri karne ya 20. Hata neno "acronym", jina la maneno ya aina hii, Kiingereza kimelipata miaka ya 1940. Ukiambiwa neno la miaka mia tano iliyopita limeundwa hivyo, shtuka.

Kuanzia leo anayeleta hizi "maana zilizofichwa" humu alete na mwaka, na andiko la zamani linaloonyesha maneno yote yakiwa marefu kabla hayajafupishwa. Na walimu wa vyuo vya habari mliomo humu, naanza na nyinyi: hiyo North, East, West, South mnayowafundisha watoto wetu mmeitoa kitabu gani?