Nyie maana ya maisha mnaipata wapi?

Swali: Wakuu, Jumapili nasali vizuri tu ila Jumatatu nikiingia kazini naona kama naishi ilimradi siku zinaenda, nyie mnafanyaje?

Jibu: Mkuu nenda jumuiya ndogondogo, maaskofu Wakatoliki wa ukanda wa Afrika Mashariki (umoja wao unaitwa AMECEA) walizipa kipaumbele 1976 ili imani ishuke mtaani, kwetu tunasali sebuleni kwa mtu halafu tunamchangia mgonjwa, hapo ndo naona nahitajika.

Jibu: Mi ni swala. Adhuhuri nafunga duka, natia udhu, nikirudi hata mteja msumbufu namsikiliza.

Jibu: Falsafa nayo isiachwe jamani, mwanafalsafa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee vijijini akawahoji kuhusu Mungu na kifo, na baadhi ya wazee hao walikosoa hata mila zao. Kaa na wazee, waulize.