Detekta ya bei nafuu isiyoingiza maji kwa ufukwe wa Matema: Simplex+, X-Terra Pro, AT Pro au Vanquish 340?

Mwambao_Kyela:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta detekta ya metali ya kusakia pete, cheni na sarafu zilizodondoka ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, mchangani na ndani ya maji hadi kiunoni. Bajeti ni dola 300 kabla ya usafiri na ushuru. Nimebaki na nne: Nokta Simplex+, Minelab X-Terra Pro, Garrett AT Pro iliyotumika na Minelab Vanquish 340. Nichukue ipi?

Rungwe_Ufundi:
Mkuu, Vanquish 340 iondoe kwanza. Ni mashine nzuri, tena kati ya hizo nne ndiyo pekee inayotuma masafa mengi ya mawimbi (yale ya kHz) kwa wakati mmoja. Ila kinachozama ni koili tu, yaani lile duara la chini linalopitishwa juu ya mchanga, mwisho mita 1. Kisanduku cha juu chenye skrini na betri hakikutengenezwa kuingia majini. Wimbi moja likikupiga kiunoni umeipoteza. Wauzaji hupenda kuandika "haiingii maji" huku wakimaanisha koili peke yake, kwa hiyo uliza kina cha kifaa kizima. Simplex+ na AT Pro ni mita 3, X-Terra Pro ni mita 5.

Halafu kumbuka Nyasa ni maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari hupitisha umeme, ndiyo maana detekta ya masafa mamoja hupiga kelele ovyo kwenye mchanga wa bahari uliolowa. Ziwani shida hiyo haipo, kwa hiyo usilipie masafa mengi kwa ajili ya Matema. Kama una mpango wa kushuka Bagamoyo au Kilwa mara kwa mara, hapo subiri uongeze hela ununue Nokta Legend.

MchangaMweusi:
Nakubali kuhusu chumvi, ila tusimwambie kwamba ziwani ni mteremko. Kiwira na mito mingine inayotoka upande wa Rungwe hupita kwenye miamba ya volkano, na mchanga wa namna hiyo huwa na chembe za chuma. Pima hivi: tia sumaku kwenye mfuko wa plastiki, iburuze mchangani. Ikiota "ndevu" nyeusi nene, lazima usawazishe ardhi kabla ya kuanza, yaani kuizoesha mashine mchanga wa pale ili isiupigie kelele. Kwenye Simplex+ shikilia kitufe cha kusawazisha, pandisha koili hadi sentimita 15 hivi, ishushe hadi 3, rudia mpaka sauti itulie. Ukitoka mchanga mkavu kwenda uliolowa, sawazisha upya. Bado inalalamika? Punguza usikivu hatua moja au mbili. Wengi wanaufungua hadi mwisho wakidhani watafika chini zaidi, wanaambulia kelele.

Mimi ningechukua X-Terra Pro. Unachagua masafa ya kHz 5, 8, 10 au 15. Ile 15 inashika vizuri hereni na pete nyembamba za dhahabu, 5 ni ya fedha na sarafu nene. Simplex+ ina 12 tu, ambayo ni ya katikati na inatosha kwa kazi nyingi. Cheni nyembamba ni ngumu kwa zote, kwa sababu detekta huona kipingili kimoja kimoja, haioni cheni nzima.

Fundi_Mwanjelwa:
AT Pro iliyotumika nayo isidharauliwe. Inatumia betri nne za AA, unazipata hata duka la kijijini, wakati Simplex+ betri yake imejengewa ndani na inataka chaji. Lakini kagua oringi (pete za mpira za kuzuia maji) za mfuniko wa betri na za viunganishi. Punje moja ya mchanga au ufa mdogo inatosha kuingiza maji. Paka grisi ya silikoni, siyo mafuta ya mgando, kwani baadhi ya mipira huharibika. Mwombe muuzaji muizamishe kwenye ndoo dakika 15, kisha angalia kama skrini ina ukungu kwa ndani. Na hedifoni zinazokuja nayo ni za nchi kavu. Za majini zinauzwa peke yake.

Koleo la matundu usiagize nje. Fundi wa kuchomelea yeyote hapa Mbeya anaweza kulitengeneza kwa bati la stenlesi, matundu ya milimita 8, mpini wa bomba mita 1.2. Matundu yakizidi 10, hereni zinapita.

Mwambao_Kyela:
Asanteni sana. Vizibo vya soda je, nivifungie visisikike?

MchangaMweusi:
Chuma unaweza kukifungia, lakini kizibo hujifanya kitu cha maana. Zunguka nyuzi 90 upitishe koili tena: namba ya kitu kwenye skrini ikirukaruka, kuna uwezekano mkubwa ni kizibo, ikitulia, chimba. Karatasi za alumini na vishikio vya makopo usivifungie kabisa, namba zake zinaingiliana na za pete za dhahabu.

Chunya_Machimboni:
Kwa atakayeuliza kama hizi zitafaa kusaka dhahabu Chunya: vipande vikubwa vya dhahabu vitaonekana, chembe ndogo hapana. Kule watu hutumia mashine kama Gold Monster 1000 yenye kHz 45, ambayo nayo kisanduku chake hakizami. Na kuchimba dhahabu kunataka leseni. Zile zenye antena mbili zinazodaiwa kuona dhahabu mita 100 kwenda chini ni utapeli, msipoteze hela.

Rungwe_Ufundi:
Mwambao, kwenye bajeti kumbuka VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Ukikutana na vitu vya kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuvichimba bila leseni. Acha pale pale, toa taarifa. Kaa mbali na midomo ya mito, mamba wapo. Na kwa kuwa utasimama majini muda mrefu, kapime kichocho wiki sita hadi nane baadaye, maana ukipima mapema mayai ya minyoo yake hayajaanza kuonekana.