Eosinofili za baba (aina ya chembe nyeupe za damu zinazopanda kwa minyoo au mzio) zilipanda, kipimo cha choo hakionyeshi kitu. Nifanyeje?

Mtoto_wa_Mzee: Wakuu, naombeni ushauri, sipati usingizi. Baba, miaka 61, anajikuna na kukohoa usiku. Chembe nyeupe 11,000, eosinofili asilimia 22. Choo: hakuna minyoo. Juzi damu imerudiwa, idadi ya eosinofili ni 200. Niache kuhangaika?

Hadubini: Choo kimepimwa mara ngapi? Strongiloidi, mnyoo mdogo wa utumbo, hutoa lava (minyoo wachanga) wachache, leo wapo kesho hawapo. Peleka sampuli tatu za siku tofauti, mbichi, zisiingie friji, na uombe zioteshwe kwenye agari, rojo la maabara la kuoteshea vijidudu. Lava akitambaa huburuta bakteria, na baada ya siku mbili vijia vyake vinaonekana kwenye sahani. Anatumia dawa gani?

Mtoto_wa_Mzee: Mara moja tu. Dawa za kawaida mkuu, na albendazo ya minyoo kidonge kimoja.

Maji_Matulivu: Mimi ningeanza na kichocho. Kama alioga ziwani, mkojo uchukuliwe kati ya saa nne na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Watu tunayadharau sana maji yale.

Namba_Kwanza: Mnajibu hadithi ya kutunga. Asilimia 22 ya 11,000 ni 2,420. Kushuka hadi 200 ndani ya siku chache? Albendazo moja haifanyi hivyo.

Mtoto_wa_Mzee: Sijatunga! Anameza prednisoloni miligramu 40, leo siku ya tano. Sikuitaja kwa sababu nilijua mtaipinga, na ndiyo iliyomtuliza kikohozi. Nataka amalize wiki mbili.

Hadubini: Hapo ndipo penye hatari. Prednisoloni ni stiroidi, dawa inayozima kinga; hushusha eosinofili ndani ya saa chache, mnyoo akabaki palepale. Strongiloidi huzaliana ndani ya mtu yuleyule miaka na miaka. Kinga ikizimwa, lava hutapakaa mapafuni na kuingiza bakteria wa utumbo kwenye damu. Watu hufa hivyo. Mrudishe kwa daktari leo, taja dozi na siku, yeye aamue namna ya kuisimamisha. Waombe na kipimo cha kingamwili za strongiloidi. Dawa yake ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kilo: mtu wa kilo 60 ni miligramu 12. Albendazo ya dozi moja haimtoi.

Namba_Kwanza: Samahani ndugu, nilikuhukumu. Amewahi kuishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati? Kama ndiyo, waambie kabla ya ivamektini. Damu ya mchana, saa nne hadi saa nane, itafutwe lava wa mnyoo Loa loa kwanza. Wakiwa wengi, dawa hiyo huweza kudhuru ubongo.

Mtoto_wa_Mzee: Alipasua mbao huko miaka saba. Nimeandika yote kwenye karatasi, tunatoka sasa hivi.