Bowa wa manjano umekimbilia wapi? Barabara ya Kasenga

Mama Bowa (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu. Mimi nauza bowa, yaani uyoga, soko la Kenya (komini yetu, mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi ya watu), na kabla yangu aliuza mama. Mvua zikishakolea, Desemba hivi, tunatoka alfajiri barabara ya Kasenga, tunaingia pori la shemeji, tunarudi na mabeseni. Aina mbili ndizo zinanilipia watoto shule: ule mdogo wa manjano unaoota chini ya miti, na ule mkubwa wa vichuguu ambao kofia moja inajaza beseni.

Upande mmoja wa pori waliingia watu wa makala (makaa ya kupikia), wakakata karibu kila kitu. Tangu hapo bowa wa manjano haujaonekana upande ule, hata mvua inyeshe vizuri namna gani. Lakini ule mkubwa unatoka palepale, katikati ya mahindi, kana kwamba hakuna kilichotokea! Shemeji anasema ni jua, ardhi imekauka. Kama ni jua, mbona huu mwingine haujali? Wengine wananiletea mambo ya jicho la jirani, hayo sitaki kuyasikia.

Na mnunuzi wa makala anabisha hodi tena, anataka upande uliobaki. Nisaidieni kabla shemeji hajaitikia.

Kijana wa Kampemba

Mama, ni mabadiliko ya tabianchi hayo. Mvua siku hizi ni ya kubahatisha. Zoea tu.

Mwalimu wa Biolojia

Kijana, mvua ni hiyohiyo inayonyeshea uyoga wote wawili. Mmoja umetoweka, mwingine upo, kwa hiyo mvua si jibu. Mama ametuletea jaribio limekamilika, kilichobaki ni kulisoma.

Uyoga wa manjano unaishi kwa mti ulio hai. Kile unachochuma ni tunda. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizosambaa ardhini na kuvika ncha za mizizi. Mama, msimu ujao jaribu hivi: chini ya mti wa mutondo au msuku, ondoa majani yaliyooza kwa vidole, tafuta mzizi mwembamba kuliko yote, utazame ncha zake. Utaziona fupifupi, zimenenepa, zina ganda jeupe au la rangi rangi. Hapo ndipo soko lao lilipo. Mti unatoa sukari iliyotengenezwa na majani huko juu, nyuzi zinaleta maji, fosforasi na naitrojeni, vitu ambavyo mizizi peke yake ingevipata kwa shida katika udongo wetu huu mwekundu uliochoka. Kata mti, sukari inakatika, nyuzi zinakufa njaa. Muungano huu ndio unaoshikilia sehemu kubwa ya miombo, pori linaloanzia Angola, likapita kwetu na Zambia, mpaka Tanzania na Msumbiji, kilomita za mraba kama milioni 2.7.

Na si kila mti una mkataba huo. Mutondo, muputu, msuku, ndiyo. Mwembe na mparachichi hapana: mizizi yao inashirikiana na kuvu ya namna nyingine kabisa, isiyotoa uyoga wa kuchuma. Kwa hiyo atakayekuambia "tutapanda maembe badala yake" anakuahidi maembe, basi. Mikalatusi nayo ina kuvu zake zilizoifuata kutoka Australia, na kwa sehemu kubwa si hizi za kwetu.

Sasa ule mkubwa. Huo unalimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu wanaleta vipande vya miti mikavu, nyasi na majani, wanatafuna, wanajenga sega, na kuvu inaota juu ya sega ikilainisha ule ugumu ambao tumbo la mchwa haliuwezi. Mvua ikija inatuma shina juu. Ndiyo maana ukiuchimba taratibu hufiki mwisho upesi: una mkia mrefu unaoshuka mpaka kwenye sega. Mchwa haulizi kama mti uko hai, bua la mahindi linamtosha. Jamaa yake mmoja, Termitomyces titanicus, anayeota pia Zambia, kofia yake hufika karibu mita 1 kwa upana.

Lakini usifurahi mapema. Pita pembezoni mwa mji kiangazi uone vichuguu vinavyobomolewa kwa ajili ya matofali. Hivi vyetu vikubwa vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na udongo wake una mfinyanzi ambao mafundi wanaupenda. Kichuguu kikisawazishwa, uyoga umekwenda, inswa (kumbikumbi) wa mvua za kwanza nao wamekwenda. Kwa huo hakuna atakayemlaumu mchoma makala.

Mzee wa Makala

Nashukuru kwa sentensi ya mwisho, maana hapa tunatukanwa sana. Nimechoma makala upande wa Kasumbalesa tangu ujana. Mji mzima unapikia mbabula (jiko la makala), na bukari (ugali) ya mwalimu imo.

Niseme nilichoona kwa macho. Mti wetu hauuawi na shoka. Ukiacha kisiki, mvua zinakikuta kimeshachipua. Wanaoua ni wanaong'oa visiki, na moto wa mwezi wa tisa, nyasi zikiwa kavu hadi zinalia. Mahali pa tanuru napo pamekwisha: udongo unaiva, unakuwa mgumu, miaka inapita hapaoti kitu zaidi ya nyasi. Zamani tulirudia tanuru palepale. Vijana wa leo wanajenga jipya kila wanapokata, kwa sababu kuvuta magogo ni kazi na mwenye lori anapiga honi.

Mwalimu wa Biolojia

Kuhusu moto Mzee hajakosea hata kidogo. Ndola, Zambia, hapo ng'ambo ya mpaka, tangu miaka ya 1930 wataalamu wa misitu walitenga viwanja vya miombo. Kimoja kililindwa na moto, kingine kilichomwa mwanzo wa kiangazi, kingine mwisho kabisa. Kilicholindwa kikafunga na kuwa msitu mnene. Cha moto wa mapema kikabaki pori. Kile cha moto wa mwisho kikageuka mbuga ya nyasi na miti ya kuhesabu. Ardhi ileile, mvua ileile.

Mpishi wa Katuba

Naomba kuuliza pembeni: bowa unaoota karibu na viwanda vya shaba unalika?

Mwalimu wa Biolojia

Usiuchume. Uyoga hufyonza metali kutoka ardhini, kadmiamu kwa mfano, na kuchemsha hakuziondoi zote. Nenda mbali na moshi na marundo ya mabaki ya madini, hata kama beseni litajaa polepole.

Mama Bowa (Lubumbashi)

Nimemsomea shemeji yote. Kwanza alicheka habari ya mchwa kulima, kisha akanyamaza. Anasema pesa ya makala inakuja leo, bowa ni ya miezi michache tu. Nikamwambia miezi hiyo inarudi kila mwaka, makala ya mti ule hairudi kwako upesi, utaiuza tena ukiwa babu. Tumefika hapa: mnunuzi apewe kipande cha barabarani, aache visiki, na tanuru alijenge penye lile la zamani. Upande wa mto asiukanyage. Amenuna, lakini hajakataa.

Kule kulikokatwa, bowa utarudi?

Mwalimu wa Biolojia

Utarudi kidogo kidogo, miti ikishakuwa na majani ya kutosha kulisha na wenzake wa ardhini. Pori la jirani likiwepo ni bora zaidi, kuvu hutawanya vijimbegu vyake kutoka huko. Ila si mwakani. Shemeji aling'oa visiki alipolima?

Mama Bowa (Lubumbashi)

Hapana, analima katikati yake. Lakini kila mwaka anafyeka machipukizi yote, anasema yanaziba mahindi.

Mzee wa Makala

Basi kwa kila kisiki achague chipukizi moja lililonyooka aliache, mengine afyeke. Mahindi hayatakosa jua kwa hilo moja. Na kama lazima achome majani, achome mwezi wa tano, asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka vizuri, tena asimame hapohapo na tawi bichi mkononi mpaka uzime.